Upepo wa Ubavuni

Sura ya Kumi na Moja

Niliamka kabla ya kuku wa shangazi, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kusikiliza bati. Sisi wa upande wa upepo hatuchungulii dirishani kujua hali ya hewa, tunalala chali tukasikiliza paa. Bati likinyamaza, bahari imetulia. Likigongagonga pembeni, kuna upepo wa kuanikia nguo. Likivuma mfululizo bila kupumua, basi yule tunayemwita Mwenyeji yuko nyumbani na hana safari.

Asubuhi ile Mwenyeji alikuwa nyumbani.

Nikajipa moyo kwamba atachoka. Kila mwaka miezi hii anavuma kutoka kusini-mashariki, anakula kufuli, anakula bawaba, anatujazia chumvi mpaka kwenye miwani, lakini na yeye ana vipindi vyake vya kushusha pumzi. Mimi nilikuwa naomba kipindi kimoja tu. Upepo wa adabu kidogo katikati ya asubuhi, rubani wangu atue, ashuke na mjomba wake, watembee mpaka mlangoni kwa baba yangu waseme walichokuja kusema. Baada ya hapo Mwenyeji ang'oe hata paa akipenda.

Kazi yangu ni uwanja wa ndege. Usije ukafikiria vioo na ngazi za umeme. Ni kibanda cha matofali chenye meza, simu ya upepo ya kuongea na ndege, na kipima upepo: vikombe vinazunguka juu ya paa, mshale unacheza mezani kwangu. Nje kuna mlingoti na soksi nyekundu ya kuonyesha upepo unakoelekea. Ndege ni moja, ndogo, inaleta dawa, vifurushi na walimu waliopewa uhamisho wasioutaka. Kabla haijatua rubani anauliza upepo, mimi namsomea mshale. Ndiyo maana kisiwa kizima kinaniita Dada Upepo.

Na ndivyo nilivyompata. Miezi mingi alikuwa sauti tu. Nilishampenda kabla sijajua kama ni mrefu au mfupi, mweusi au maji ya kunde. Alikuwa na namna yake ya kusema "Asante, nimepokea" ambayo shangazi alisema si ya kikazi hata chembe. Shangazi alijuaje? Alijua kwa sababu huku kwetu kila nyumba ina simu ya upepo, kwa ajili ya ndugu walioko baharini, na wote tuko masafa yale yale. Nikiongea na rubani ninaongea na kisiwa kizima, kuanzia mwenye duka mpaka mkunga.

Sasa njia yetu ya ndege ina kasoro. Kwingine njia inalazwa kuelekea upepo, ili ndege ikutane nao uso kwa uso. Yetu imelala kombo, kwa hiyo miezi ya Mwenyeji ndege inapigwa ubavuni. Na aliyeilaza kombo ni baba yangu mzazi. Alikuwa mnyapara wa ujenzi. Wapimaji walipiga vigingi vizuri tu, lakini mstari wao ulipita katikati ya jiko la mama, na mama alikuwa na mimba yangu, akasema hahami. Baba wakati ule alikuwa haoni hasikii kwa mkewe. Akavisogeza vigingi. Ilikuwa miezi ya utulivu, hakuna jani linalotikisika, na wakubwa waliporudi walikuta kokoto zimeshashindiliwa. Mama hayupo tena, ila jiko lipo. Nje ya kibanda changu kuna ubao: upepo wa ubavuni ukizidi ishirini kwenye mshale, ni marufuku kutua. Nimekua nikiicheka hadithi ile.

Baba si mtu mbaya, na naomba ulielewe hilo kabla hujamchukia. Rubani alipotuma salamu za kwanza, baba hakufoka. Aliniketisha akaniambia kwamba anamjua mtu yule, ni mtu wa robo saa. Anatua, anakunywa maji akiwa amesimama, anaondoka. Nikiumwa atakuwa juu. Nikijifungua atakuwa juu. Akanikumbusha dada yangu mkubwa, aliyeolewa na baharia, ambaye hadi leo anaandaa sahani ya mtu asiyekuja. Nilipombembeleza sana alikubali kumsikiliza, kwa sharti moja.

"Aje asimame mlangoni pangu kwa miguu yake," alisema. "Sitaki barua, wala sitaki maneno ya hewani. Mtu aliyesimama mlangoni unamwona magoti, kama yanatetemeka au la."

Rubani alikuja kuposa mara ya kwanza, Mwenyeji akamrudisha. Akaja tena, Mwenyeji akamrudisha tena. Na wakati huo mtoto wa mwenye bohari alikuwa anasimama mlangoni petu kila baada ya siku chache, ananyoosha shati, anaulizia afya ya baba, naye akitaka kuniposa. Ningekuwa na bahati angekuwa mlevi au mkorofi, nikapata la kusema. Lakini ni kijana mpole, anasalimia mpaka watoto. Baba alimwambia asubiri, kuna mtu ametangulia kubisha hodi. Wiki ile akatoa neno mbele ya watu: atasubiri safari ya tatu ya ndege. Ikipita bila mtu kusimama mlangoni, jioni yake watu wa bohari waje wapewe jibu la kukubaliwa.

Na safari ya tatu ndiyo ilikuwa siku ile. Rubani wangu alikuwa amehamishiwa visiwa vya mbali, anaondoka kesho yake, mkataba wa miaka miwili. Kwa mashua asingeweza, maana wiki ile mawimbi yalikuwa yanapanda juu ya mwamba kwa weupe wa kutisha na hakuna nahodha aliyekuwa na hamu ya kuvuka. Ilikuwa ndege au hakuna.

Saa nne simu ya upepo ikakohoa.

"Dada Upepo, naomba upepo."

Nikatazama mshale. Nikautazama tena, labda ungenionea huruma.

"Kusini-mashariki," nikasema. "Ishirini na saba."

Nilisikia injini kabla ya sauti yake. Akasema ana mafuta ya kuzunguka kidogo, atasubiri upepo ushuke. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia sijala. Akasema na yeye hajala, ila mjomba amekula kwa niaba ya wote na sasa anajuta. Nikacheka peke yangu kibandani, na nina hakika nyumba nyingi zilicheka pia.

Akazunguka. Kutoka dirishani nilimwona akipita juu ya upande wa pili wa kisiwa, ule wa utulivu, ambako maji yamelala na mashua zimefungwa bila kutikisika. Huko ungeweza kutua na sinia la mayai. Lakini huko ni mawe na minazi, hakuna pa kutua. Akarudi upande wetu, na kila aliporudi ndege ilikuwa inatembea upandeupande, pua inaangalia huku, mwili unakwenda kule.

Kisha mshale ukaanza kushuka. Nakuapia, niliuona kwa macho yangu. Ishirini na tatu, ishirini, kumi na nane. Soksi nje ikainama. Nikashika simu kwa mikono miwili.

"Kumi na nane. Kumi na nane sasa hivi."

"Nakuja," akasema, na nikasikia furaha kwenye koo lake.

Alishuka. Niliona magurudumu, niliona vumbi la mwisho wa njia likingoja. Nilishaanza kupanga kichwani jinsi nitakavyofunga kibanda, jinsi nitakavyotembea nyuma yao bila kukimbia, maana mwanamke hakimbii kwenda kuposwa. Ndipo soksi ikanyanyuka. Ilinyanyuka yote kwa mara moja, ikakakamaa, na mshale ukaruka ukapita ishirini na tano.

Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa anauona mshale ule. Mimi tu. Ningenyamaza kidogo tu, angekuja. Labda angefika salama, marubani wengine wamewahi kufika. Labda leo ningekuwa nakusimulia mambo mengine kabisa.

"Ishirini na tisa," nikasema. "Panda juu. Panda."

Bawa moja lilishuka likakaribia kugusa kokoto. Alipita mbele ya kibanda changu chini kiasi kwamba nilimwona. Alikuwa amevaa shati jeupe, lile la kuposea. Aligeuza uso akanitazama, kitambo kifupi sana, mtu na mtu, hakuna simu wala masafa. Nyuma yake mjomba alikuwa amekumbatia kofia yake kifuani. Kisha injini ikanguruma akapanda, akawa mdogo tena.

Niliketi chini.

Aliporudi hewani sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya chini, ya mtu anayeongea mlangoni usiku.

"Niambie ni ishirini."

"Si ishirini."

"Najua. Nakuomba uniambie ni ishirini. Ukisema wewe, nashuka. Nitaiweka chini, naijua hii ndege kama viatu vyangu."

"Ndiyo maana sisemi," nikamwambia. "Kwa sababu nikisema utashuka."

"Kwa hiyo unaniacha niende?"

"Nakuacha uishi."

Shangazi akaingilia, hakuweza kujizuia. Sauti yake ilitoka nyumbani, na nyuma yake kuku wanapiga kelele. Akamwambia rubani, "Baba, panda juu mwanangu, usituletee msiba, huyu binti atalia vizuri zaidi ukiwa hai." Mtu mwingine, nadhani mkunga, akasema ndiyo, apande. Mwenye duka akasema tumwachie afanye kazi yake. Kisiwa kizima kilikuwa kibandani kwangu na hakuna hata mmoja aliyeweza kunisaidia.

Mlango ukasukumwa, akaingia baba. Alikuwa ametembea akipingana na upepo njia nzima, nywele zote zimelala upande mmoja, machozi ya chumvi yanamtiririka. Aliegemea ukuta akawa anapumua, anatazama simu.

Wakati huohuo sauti mpya ikatoka juu, nzito, ya mtu mzima.

"Mzee mwenzangu, kama unanisikia. Mimi ni mjomba wa huyu kijana. Maneno haya nilitaka kuyasema nikiwa nimeketi kwako, nimekunywa maji yako. Sasa nayasema nikiwa nimefungwa mkanda na tumbo linanizunguka, naomba unisamehe. Tumekuja kuomba binti yako. Kijana hana nyumba kubwa. Ana kazi, ana adabu, na hajawahi kunidanganya tangu nimlee. Basi, ni hayo."

Nikamnyooshea baba simu. Nilimwonyesha kitufe cha kubonyeza.

"Nimekusikia, ndugu yangu," baba akasema. "Karibu."

Lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka mtu yeyote mgeni akibisha. Nilimwona alivyoshtuka baada ya kulisema, akiangalia juu kwenye dari la bati, mtu aliyemkaribisha mgeni asiyeweza kuingia. Huko juu mjomba akasema, taratibu, "Tumeshakaribia, mzee. Ni kushuka tu."

"Yule mwingine amesimama mlangoni pangu mara nyingi," baba akaendelea. "Nimemwambia asubiri, akasubiri. Nimetoa neno mbele ya watu, na watu wenyewe wanatusikia sasa hivi. Nikilivunja, nimwambie nini mtoto wa watu? Niambie wewe, ndugu yangu, kwa sababu mimi sijui."

"Hakuna cha kumwambia," mjomba akajibu. "Ningekuwa wewe, na mimi nisingekuwa nacho."

Baba akaweka simu mezani kwa uangalifu. Hapo ndipo nilipopata sauti, na sikuichagulia maneno.

"Baba, wewe ulisogeza njia nzima ya ndege kwa ajili ya mama. Kokoto zote zile, kwa ajili ya jiko. Mimi naomba usogeze neno moja."

"Nilisogeza," akasema.

"Basi?"

"Basi si unaona?" Akanionyesha dirisha, soksi iliyokakamaa, njia iliyolala kombo kuipisha nyumba yetu. "Nilimpendelea mtu mmoja nikasema nani ataumia. Aliyeumia ni wewe. Ulikuwa tumboni, na mimi nilikuwa nakutengenezea siku ya leo."

Alilia. Sijawahi kumwona baba akilia hata siku ya kumzika mama, maana siku ile alikuwa na wageni wa kuwapokea. Alilia akiwa amesimama, mikono imening'inia. Nikataka kumchukia nikashindwa, nikataka kumkumbatia nikashindwa pia. Tukabaki hivyohivyo kila mtu na lake.

Kisha simu ikaita tena, na baba akageukia ukuta ili asitutazame, kana kwamba sisi tulikuwa chumbani.

"Mafuta yanasema niondoke," akasema rubani wangu.

"Ondoka."

"Nitakuita nikifika."

"Huko masafa hayafiki."

"Najua hayafiki. Nitakuita hivyohivyo."

Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga tangu wiki iliyopita, ya kumwambia mbele ya baba na ya kumwambia nje uani. Yote yaliyeyuka. Nikafikiria masikio yote yaliyokuwa yamebandikwa kwenye simu zile, la mwenye duka, la mkunga, la yule kijana mpole wa bohari ambaye hakunikosea chochote. Nikaona aibu, kisha nikaona nimechoka kuona aibu. Nikabonyeza kitufe.

"Nakupenda," nikasema. "Wasikie wote. Nakupenda, na sina la kufanya."

Hakuna nyumba hata moja iliyoingilia, hata shangazi.

"Asante," akasema. "Nimepokea."

Kisha akageuza ndege. Niliifuata kwa macho ikipita juu ya mwamba, juu ya ule weupe wa mawimbi, ikipita chini ya vile vijiwingu vidogo vinavyotembea kwa mstari miezi hii yote. Mlio wake haukupotea polepole kama inavyokuwa siku za utulivu. Mwenyeji aliuchukua mara moja, kama mtu anayefunga mlango.

Sikurudi nyumbani mchana. Shangazi alikuja na chakula kimefunikwa, akakiweka, akanishika mgongo, akaenda zake bila mzaha hata mmoja, na kwa shangazi huo ni ugonjwa. Aliniambia tu kwamba watu wa bohari watakuja jioni kama walivyoahidiwa, na kwamba baba ameagiza biskuti. Nikamwambia chai akawape yeye. Mimi nina kipimo cha mwisho cha siku cha kusoma jua likizama, ndiyo kanuni ya kazi, na kwa mara ya kwanza niliishukuru kanuni.

Jua lilipogusa maji nikasikia kitu ambacho sikukielewa mara moja. Nikasikia kuku. Nikasikia mtu akifagia mbali. Nikainua kichwa, nikagundua kuwa bati limenyamaza.

Nilitoka nje. Soksi ilikuwa imeshuka yote, imelala kwenye mlingoti, haina hata dalili ya kujitingisha. Vikombe juu ya paa vilizunguka polepole, vikasita, vikazunguka tena. Njia ya ndege ilikuwa imenyooka mbele yangu, tupu, ya dhahabu, hata mtoto angeweza kutua. Haina taa njia ile. Baada ya jua kuzama hakuna anayeruhusiwa, na aliyekuwa anataka kutua alikuwa ameshafika anakokwenda, anafunga mizigo.

Nikarudi ndani, nikaketi, nikabonyeza kitufe. Kanuni inasema kipimo kinasomwa hata kama hakuna ndege.

"Kusini-mashariki," nikasema. "Nne."

Nikaachia kitufe, nikasubiri. Nilijua hakuna wa kujibu, lakini nilisubiri.

Yaliyotokea nyumbani alinisimulia shangazi. Watu wa bohari walikuwa wameshaketi, vikombe vimeshamiminwa, na baba alikuwa ameshakohoa kile kikohozi chake cha kuanza kuongea. Ndipo sauti yangu ikatoka kwenye simu ya upepo iliyokuwa juu ya rafu. Wageni waliangalia chini. Mtoto wa mwenye bohari alitaka kuinuka, mama yake akamshika shati. Baba hakuizima simu. Alitulia mpaka nilipomaliza, akageuka kutazama nje, akaona nguo kwenye kamba zimening'inia kimya. Alizitazama muda mrefu.

Kisha akawapa neno lake, kama alivyoahidi mbele ya watu.